Mada: Kumtembeza mzazi kwenye bustani za Kyoto kwa miguu, mwezi Novemba

Kutoka: Dada yenu wa Nagoya

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi.

Mama yangu anakuja huku Japani kutoka Tanga mwishoni mwa Novemba, viza imeshatoka. Ni mtu wa miti na maua maisha yake yote, na kila nikimpigia simu anauliza habari za bustani za Kyoto kabla hajauliza habari za wajukuu. Nimeona matangazo ya ziara za kutembea na mwongozaji, nyingine zinaahidi bustani tano kwa siku moja. Magoti yanamsumbua, ngazi anazipanda taratibu. Pia nina mtoto wa darasa la tatu atakayefuatana nasi. Aliyewahi kumpeleka mzazi anisaidie: tuchukue ziara ipi, na je, kuna mwongozaji wa Kiswahili?

Jibu: Kaka wa Kyoto

Marahaba dada, na hongera kwa viza ya mama.

Ziara ya bustani tano achana nayo kabisa. Hizi ni bustani za kukaa na kuangalia. Chukua mfano wa bustani ya hekalu la Ryoan-ji: changarawe nyeupe, ukuta wa udongo na mawe 15, basi. Mawe yamepangwa hivi kwamba popote utakapokaa pale barazani, kuna jiwe moja angalau limejificha nyuma ya jingine. Aliyetulia anaanza kusogea huku na huku akilitafuta, na hapo ndipo bustani inaanza kumwingia. Anayekimbizwa na bendera ya mwongozaji anapiga picha ya changarawe na kurudi kwenye basi. Kwa mama mwenye magoti mabaya hiyo ni kumchosha bure.

Mimi wageni wangu wazee nawapeleka upande wa hekalu la Nanzen-ji, kwa sababu kila kitu kiko karibu na sehemu kubwa ni tambarare. Mnashuka stesheni ya Keage, treni ya chini ya ardhi mstari wa Tozai. Mbele kidogo mnapita kwenye handaki fupi la matofali chini ya reli ya zamani iliyokuwa ikipandisha mashua. Mwonyeshe mama dari lake: matofali yamelazwa kwa kuzunguka kama ukili wa mkeka.

Ukitoka hapo, hekalu dogo la Konchi-in liko hatua chache. Bustani yake ni kazi ya mbunifu Kobori Enshu, karne ya 17. Mama akae barazani, asiwe na haraka. Mbele yake kuna changarawe, kisha makundi mawili ya mawe na miti: moja ni ndege korongo, jingine ni kobe, wote wawili alama za umri mrefu. Katikati pana jiwe kubwa bapa la kusalia. Bila mtu wa kukueleza utaona mawe tu, na hii ndiyo sababu mimi nasema mwongozaji ni pesa iliyotumika vizuri.

Nanzen-ji yenyewe piteni uwanjani, lakini ghorofa ya lango kuu msipande. Ngazi zake ni kali mno kwa mama. Nendeni nyuma mkaone mfereji wa matofali unaopita juu kwenye matao. Unabeba maji ya Ziwa Biwa. Serikali ilipohamia Tokyo, Kyoto ilidhoofika, ndipo wakachimba mfereji uliokamilika mwaka 1890, kwa ajili ya usafiri, maji na baadaye umeme. Maji hayo hayo ndiyo yaliyozaa bustani ya mwisho ya matembezi yenu, Murin-an.

Murin-an ndiyo nitakayoipigania mbele ya yeyote kwa mzazi wa umri huo. Ilikuwa nyumba ya Yamagata Aritomo, aliyewahi kuwa waziri mkuu, na ilijengwa kati ya 1894 na 1896. Mtaalamu wa bustani alikuwa Ogawa Jihei wa saba. Yamagata alitaka uwanda wa nyasi na kijito kinachokimbia. Kina cha maji ni kifupi na mawe yamewekwa ili yasikike. Ukikaa kwenye mikeka ndani ya nyumba, milima ya Higashiyama inaonekana nyuma ya miti kana kwamba nayo ni sehemu ya kiwanja. Wasanifu wa hapa huita hilo "kuazima mandhari". Hakuna jengo refu linalokatiza. Weka nafasi mapema mtandaoni, na msimu wa majani mekundu kiingilio hupanda.

Jambo moja la mtoto. Kwenye njia za mawe ya kukanyaga mtaona jiwe dogo la mviringo limefungwa kamba nyeusi kwa msalaba, limewekwa juu ya jiwe la njia. Maana yake: usipite hapa. Hakuna kibao wala mlinzi, na mtoto asiyeambiwa huliokota. Mwambie pia ule mmea mfupi laini uliotanda chini kama zulia la kijani haukanyagwi hata kidogo. Nimewaona watunzaji wakipiga magoti wakichomoa majani mabaya kwa kidole, moja moja, siku nzima.

Jibu: Ndugu wa Lubumbashi, sasa Osaka

Habari zenu wote. Kuhusu mwongozaji: leseni ya taifa ya wakalimani wa utalii inatolewa kwa lugha kumi, na Kiswahili hakimo. Kifaransa kimo. Sisi wa Kongo tunachukua wa Kifaransa, mmoja wetu anawatafsiria wazee. Dada, wewe chukua wa Kiingereza na ufanye hivyo hivyo.

Jueni kwamba tangu Januari 2018 sheria inamruhusu hata asiye na leseni kuongoza watalii kwa malipo. Kwa hiyo uliza kabla ya kulipa. Mwenye leseni ana kitambulisho na hataona vibaya ukiomba kukiona.

Na kwa wanafunzi mnaotaka kuongoza watu wa nyumbani mpate chochote: viza ya masomo hairuhusu kazi bila kibali cha uhamiaji, na kibali cha kawaida ni saa 28 kwa wiki. Kazi ya kujitegemea ina taratibu zake, waulizeni uhamiaji kwanza.

Jibu: Mama wa Kobe

Mwanangu, yote mazuri waliyosema. Naongeza ya mama mtu mzima.

Viatu vya kuvua na kuvaa bila kuinama. Soksi nene, kwa sababu sakafu za mbao Novemba ni baridi ya kuingia mifupani. Usione aibu kumwombea mama kiti kidogo; mwambie mhudumu magoti yanauma, wengi watatafuta.

Kuna watakaokushauri Katsura au Shugakuin, majumba ya kifalme. Ni mazuri sana, na Shugakuin ni bure, Katsura yeni 1,000. Lakini huko unatembea na kundi, msimamizi yuko nyuma, huwezi kubaki ukapumzika. Shugakuin ni kama kilomita tatu na pana mpando. Watoto wa shule ya msingi hawaingii. Safari hii acha. Mkienda siku nyingine, kila mmoja awe na pasi au kadi ya ukaazi mkononi.

Karibu na Nanzen-ji watawakaribisha tofu ya moto, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa. Ni chakula chepesi, mama atakipenda, ila mchuzi wa kuchovya mara nyingi una mirin, ambayo ni pombe. Ulizeni. Msikiti wa Kyoto uko barabara ya Kawaramachi, upande wa mashariki wa bustani ya kasri, kwa teksi si mbali.

Jibu: Dada yenu wa Nagoya

Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Nimeshaamua: Konchi-in asubuhi, tofu, halafu Murin-an mchana, basi. Mwongozaji wa Kiingereza amekubali nusu siku na leseni yake nimeiona. Anayejua mahali pa kukodi kiti cha magurudumu chepesi Kyoto aniandikie, niwe nacho akiba iwapo goti litagoma njiani.