Ushauri: mchapishaji wa majarida anataka kila mwanafunzi ajisajili mwenyewe, nifanyeje?

Mtunza Rafu (mleta mada): Wakuu, habari za jioni. Niko Tabora, ni mkutubi kwenye chuo kidogo cha afya. Kuna mchapishaji wa majarida ya mtandaoni hakubali chuo kiingie kama chuo. Anataka kila msomaji afungue akaunti yake: jina, barua pepe, mwaka wa kuzaliwa, kisha abofye kiungo cha uthibitisho. Leo wasichana 6 wa ukunga walizunguka simu moja wakitafuta makala ya kifafa cha mimba. Wanne, barua pepe zao zilifunguliwa na fundi simu siku waliyonunua simu, nywila hawaijui. Mmoja aliyeijua, kiungo kikaisha muda kabla mtandao haujarudi. Wakaondoka. Jarida la karatasi halikuwahi kumuuliza mtu jina! Kuna njia ya kuwaingiza wote bila usajili wa mmoja mmoja? Nahitaji jibu kabla ya kesho asubuhi.

Bibi Ipuli: Wanafunzi wa siku hizi wanataka kutafuniwa. Sisi tulinakili kwa mkono chini ya mwembe, daftari zima. Wakajisajili, mbona Facebook wamo?

Dagaa wa Kibirizi: Pole mkuu. Huku Kigoma mdogo wangu alitafuta makala ya migebuka. Samaki wa ziwa letu, tunamla tangu utoto, ila kumsoma mpaka ujaze fomu kama unaomba viza. Kwenye "jimbo" Kigoma haikuwepo, akachagua Florida, ikakubali.

Fundi Mtandao: Kwa kawaida mchapishaji anakitambua chuo kwa anwani ya IP (namba inayotambulisha mtandao wenu), ukiwa ndani ya mtandao wa chuo huulizwi kitu. Ila kama mnatumia modemu na vifurushi vya simu, anwani inabadilika na mnaitumia pamoja na wateja wengine kibao. Mnatumia nini? Na kwa nini kesho asubuhi?

Mtunza Rafu: Modemu, mkuu. Kesho nimeitwa na mkuu wa chuo, mambo ya maktaba tu.

Fundi Mtandao: Mambo gani? Funguka usaidiwe.

Mtunza Rafu: Sawa. Muhula uliopita nilifungua akaunti moja kwa jina la mwalimu wetu mstaafu, nikaweka nywila kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Kumbe ikatoka nje. Juzi usiku zikapakuliwa makala zaidi ya 400. Mchapishaji kaifunga, kamwandikia mkuu wa chuo. Lakini jamani, wanafunzi 200, kompyuta 3, ningefanyaje? Sasa nawafungulia barua pepe mwenyewe, nimefika ya 41, nywila naziandika kwenye daftari la kuazimisha vitabu. Naona ndiyo njia.

Sheria Mkononi: Njia ya wapi? Umetumia jina la mtu bila ridhaa yake, sasa unakusanya nywila za watu 200 kwenye daftari linalokaa mezani! Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022, inatumika tangu Mei 2023. Acha mara moja.

Kijiwe Namba Moja: Hii chai. Tanzania ipo Kundi A, la wanaopata bure, la Research4Life, mpango wa kuzipa nchi zenye kipato kidogo majarida ya kitaalamu. Hinari ya WHO, tawi lake la majarida ya afya, ipo tangu 2002, bure, chuo kinapewa nywila moja. Mkutubi gani wa afya asiijue? Huyu ni mwanafunzi anatafuta mbinu za kupakua.

Bibi Ipuli: Hata mimi nilihisi.

Mtunza Rafu: Chai? Hinari tunayo, nywila ninayo mimi, na kwa kuwa hairuhusiwi kuianika hadharani, namwingiza msomaji kwa mkono wangu. Huyu ni mchapishaji mwingine, mradi ulitulipia ukaondoka, na hakuna aliyeuliza kama wasomaji wana barua pepe. Nijaribuni basi: ukunga ni 618.2 kwa Dewey, mfumo wa kupanga vitabu vya maktaba kwa namba. Kwangu uko rafu ya nne, chini ya dirisha lisilofunga, mvua ikija navihamisha vitabu mwenyewe.

Kijiwe Namba Moja: Nimekagua, 618.2 kweli. Samahani mkuu.

Fundi Mtandao: Basi mwandikie mchapishaji leo hii, omba nywila moja ya taasisi, itumike kwenye kompyuta 3 tu, wewe ukiiingiza kama Hinari. Kwa sasa tumia PubMed Central, hazina ya makala za afya za bure, na DOAJ, orodha ya majarida ya bure mtandaoni. DOAJ haipokei jarida linalomlazimisha msomaji kujisajili ndipo asome.

Bibi Ipuli: Na huyo mwalimu mstaafu anajua jina lake limefanya nini?

Mtunza Rafu: Nimempigia sasa hivi, mama. Kimya kwanza. Halafu: "Kwa hiyo mimi nimesoma makala 400 usiku mmoja?" Amecheka mpaka akakohoa, kisha akanigombeza vizuri. Kesho saa 2 tunaingia wote kwa mkuu. Kurasa za nywila nimezichana na kuzichoma. Makala ya kifafa cha mimba nimeipata PubMed Central, nimewaambia wale 6 waje saa 4.