Mazungumzo ya hadhara na mwandishi wa kitabu cha ndoa na malezi: yaendeshweje yasigeuke kliniki?

Kalamu Kavu
Habari zenu wadau. Nimepewa kazi ya kuongoza mazungumzo ya hadhara na mwandishi wa kitabu kinachohusu ndoa za siku hizi na malezi. Muda ni dakika 75, ukumbi una viti kama 120, na waandaaji watarekodi video. Kitabu nimeshakisoma. Nahofia mambo mawili: mwandishi kurudia yaleyale anayosema kila mahali, na kipindi cha maswali kugeuka foleni ya watu wanaotaka kutatuliwa mambo ya nyumbani kwao. Muda nigawe vipi, na maswali niyapangeje?

Msomaji Mkongwe
Mkuu, utambulisho usizidi dakika 3. Wasifu mrefu ukae kwenye tangazo. Mwandishi kusoma kipande cha kitabu dakika 5, mazungumzo yenu wawili 35, maswali ya hadhira 25. Zile 7 zinazobaki usizipangie kitu, zitaliwa tu.

Maneno 500 yakisomwa kwa utulivu huchukua kama dakika 5, kwa hiyo mwambie mwandishi ayahesabu mapema. Asisome utangulizi. Achague mahali watu wawili wanapojibizana. Ushauri ukisomwa kwa sauti huwa hotuba, lakini mabishano ya nani aamke usiku mtoto akilia humfanya kila mtu ainue kichwa.

Andaa maswali 12 ukijua utauliza 7 hivi, na kila moja lishikane na ukurasa fulani. "Siri ya ndoa njema ni nini?" huleta jibu la kukariri. Liulize hivi: "Sura ya nne inawataka wenza wawe na kikao cha kila wiki kuhusu kazi za nyumbani. Ambaye yuko safarini wiki tatu kwa mwezi, kikao hicho atakifanyaje?" Hapo hana jibu la mfukoni, lazima afikiri. Usifungashe maswali mawili kwa pamoja, kwa sababu atajibu lile jepesi na wewe utasahau lile zito. Akimaliza kujibu, nyamaza sekunde tatu au nne. Mara nyingi jibu lenyewe huja baada ya ukimya huo. Swali la kumpinga liweke katikati: mwanzoni litamfunga mdomo, na mwishoni atakosa muda wa kujieleza.

Wiki moja kabla, mpigie simu ya nusu saa. Muulize hataki kuulizwa nini, ni hoja gani ameibadilisha tangu kitabu kitoke, na ni akina nani wametajwa humo kwa majina yao halisi. Mpe mada, usimpe orodha ya maswali. Akiyapata mapema atakuja na majibu yaliyokwisha kukauka.

Takwimu Kwanza
Nyongeza. Vitabu vya aina hii vina madai machache yanayozunguka bila kukaguliwa, nawe ndiye wa kuyakagua pale jukwaani.

La kwanza ni "nusu ya ndoa zote huvunjika." Mara nyingi hesabu hiyo hupatikana kwa kugawa talaka za mwaka kwa ndoa zilizofungwa mwaka huohuo. Lakini wanaoachana mwaka huu walioana miaka tofauti tofauti, na watu wakipunguza kuoana uwiano hupanda hata kama talaka hazijaongezeka. Muulize: kati ya ndoa zilizofungwa mwaka fulani, ni ngapi zilikuwa zimevunjika baada ya miaka 10 au 20? Kama hana jibu, ahame kwenye takwimu hiyo arudi kwenye hoja yake.

La pili ni mitindo ya malezi. Mwanasaikolojia Diana Baumrind, katika makala yake ya 1966, alieleza mitatu: ya mabavu, ya kuachia, na ile yenye msimamo pamoja na ukaribu. Mwaka 1983 watafiti wenzake Maccoby na Martin waliipanga kwa vipimo viwili, yaani mzazi anadai kiasi gani na anamwitikia mtoto kiasi gani, ndipo ukapatikana wa nne, wa kutojali. Hadhira huchanganya mabavu na msimamo, na waandishi nao huchanganya. Mwombe mfano mmoja wa amri ileile ikitolewa kwa mitindo yote miwili.

Na akitaja ule uwiano wa John Gottman, mtafiti wa ndoa, wa mambo mazuri matano kwa baya moja, mkumbushe kuwa unahusu namna wenza wanavyozungumza wakiwa katika mgogoro. Haukutungwa ili watu wahesabiane mema ya siku nzima.

Nasaha na Faragha
Hofu yako ya pili ndiyo nzito. Mtu anaweza kusimama akasema anapigwa nyumbani, mbele ya kamera. Mwandishi asimshauri pale, hata kama ana taaluma hiyo: hamjui aliyemo ukumbini, na huenda anayempiga ameketi safu ya nyuma. Mkatize kwa upole: "Asante kwa kutuamini. Hili linastahili faragha, kuna mtu wa kuzungumza nawe sasa hivi." Mtu huyo awepo kweli, mshauri nasaha mmoja kwenye chumba cha pembeni, na chumba hicho kitangazwe mwanzoni kwa watu wote ili anayekwenda asionekane ni yeye tu. Namba za simu za msaada zijaribiwe siku hiyohiyo kabla ya kugawiwa.

Watoto wa mwandishi nao wana haki yao. Aliyeandikwa akiwa na miaka mitano leo yuko sekondari, na wenzake wataitazama video. Usiulize lolote kuhusu mtoto ambalo halimo kitabuni. Mtalaka wa mwandishi vilevile, maana hayupo kujitetea.

Kamera ielekee jukwaani tu. Tangazo la kurekodi litolewe kabla ya neno la kwanza, na maswali ya hadhira yakatwe kwenye video.

Fundi Spika
Upande wa sauti: maiki ya kubana kwenye nguo husuguana na mkufu au mtandio, na kwenye spika kubwa huanza kupiga filimbi upesi. Chukueni za mkononi, sentimita 5 hadi 10 kutoka mdomoni. Viti vya jukwaani viwe nyuma ya mstari wa spika, vimegeukiana kidogo, si uso kwa uso. Betri mpya, na maiki moja ya akiba.

Maiki ya hadhira ishikwe na msaidizi wakati wote. Mtu akishaikamata mwenyewe, hotuba imeanza.

Kalamu Kavu
Nashukuru sana. Kwa hiyo niachane na maiki ya hadhira, nitumie kadi ambazo watu wanaandika maswali yao?

Msomaji Mkongwe
Mimi ningebaki na maiki. Kadi huua mshtuko wa swali zuri, na muulizaji hawezi kusema "hujanijibu." Tangaza tu kwamba swali ni sentensi moja na linaishia na alama ya kuuliza.

Nasaha na Faragha
Kwa mada nyingine nakubali. Kwa ndoa, hapana, hasa wenza wakiwa wameketi pamoja: hakuna atakayeuliza kuhusu mkwe huku mwenzake anasikia. Tumia kadi kwanza, kisha maiki kwa dakika 8 za mwisho. Kadi zisiwe na nafasi ya jina. Zikusanywe dakika ya 25 na ya 40, na mtu mmoja azigawe mafungu matatu: zinazofanana, zinazohusu kitabu, na zinazohitaji mshauri. Za fungu la tatu hazisomwi. Rudia tu tangazo la chumba cha pembeni bila kusema kwa nini. Kila mtu apewe kadi na kalamu, na kila mtu arudishe, hata tupu. Zikishasomwa zichanwe palepale, zisibaki mezani, kwa sababu mwandiko wa mume au mke hutambulika.