1-heksil-o-kaboreni: mazao 25% na bamba la TLC halionyeshi kitu

boroni10
Wakuu, nahitaji kaboreni, yaani kishada cha atomi 10 za boroni na 2 za kaboni, chenye uso usiopenda maji. Dekaborani (B₁₀H₁₄) gramu 1, asetonitrili mililita 1.3, tolueni kavu mililita 25, chini ya argoni. Inachemka saa 2 kwa kondensa, kisha 1-oktini gramu 1.1, usiku kucha. Dekaborani iliyobaki naiua kwa kuchemsha na KOH (besi kali) ndani ya methanoli. Nasafisha kwa safu ya silika na heksani. Mazao 25%. Pia kwenye bamba la TLC (bamba la kutenganisha na kuonyesha viambato) taa ya UV haionyeshi doa lolote.

kondensa
Hiyo KOH ndiyo mwizi. Besi ndani ya alkoholi ya moto huing'oa B–H moja iliyo jirani na kaboni zote mbili; kishada kinakuwa anioni (chembe yenye chaji hasi) ya nido, yaani kilichofunguka kama kiota, chumvi isiyopanda na heksani. Pima NMR ya 11B (kipimo cha sumaku cha atomi za boroni): vilele karibu na −33 na −37 ppm ni ushahidi tosha. Tumia mrija wa kwatzi, kwani kioo cha kawaida cha maabara (borosilikati) kina boroni na huacha kilima kipana chini ya vilele.

Badala yake ongeza methanoli na matone ya HCl kali, kisha chemsha taratibu. Dekaborani inavunjika kwa povu la haidrojeni, kaboreni inabaki. Amini na floridi nazo ziepuke.

UV isikusumbue, heksili haina cha kunyonya mwanga huo. Chovya bamba kwenye kloridi ya paladi (PdCl₂) 1% ndani ya HCl hafifu; madoa ya boroni yanageuka kahawia hadi meusi.

mstari_wa_argoni
Gramu 1 ni milimoli 8.2, na kila moli hutoa moli 2 za H₂, yaani kama mililita 400 kwa jumla. Usifunge chombo! Dekaborani ni sumu na huwa mvuke kirahisi, ipimie ndani ya kabati la kuvuta hewa. Tetrakloridi ya kaboni isiikaribie kabisa, mchanganyiko huo hulipuka kwa kugongwa tu.

Alkini za mwisho (zenye kifungo mara tatu mwishoni mwa mnyororo, kama 1-oktini) zisizo na vikundi vya pembeni huenda vizuri zaidi kwenye tolueni pamoja na bmimCl, kimiminika cha ioni, karibu 120 °C: dakika badala ya saa. Nitrati ya fedha (AgNO₃) kidogo pia husaidia, lakini asetilidi ya fedha ikikauka hulipuka, kwa hiyo usiache mabaki yakauke. Alkini yenye OH ilindwe kwanza kama asetati.

boroni10
Nimeelewa KOH. Je, kati ya o-, m- na p- (kaboni mbili zikiwa jirani, zimeachana kidogo, au zinakabiliana kwenye kishada), o- ndiyo isiyopenda maji kuliko zote?

kondensa
Hapana, ndiyo ya mwisho kati ya tatu. Haidrojeni za B–H zina chaji hasi kidogo, hazishikani na maji kama zile za O–H. Huo ndio uso unaoutafuta. Ila kaboni mbili zikiwa jirani, molekuli inakuwa na dipoli kali (chaji hasi upande mmoja, chanya upande mwingine), na C–H yake ina asidi kidogo. Mpangilio wa kutopenda maji, kutoka chini kwenda juu, ni o-, m-, p-, na p- isiyo na tawi haina dipoli kabisa. Kishada kitupu cha o- hugeuka m- kwenye 400–500 °C ndani ya chombo kilichozibwa. Kwa heksili yako joto hilo ni la kuiunguza tu, afadhali ununue m- au p- na kuunganisha mkia kwa butili-lithiamu (BuLi, besi kali sana) na iodidi ya heksili.