Kwa nini mwanamke mwenyeji wa Amerika hufa kabla filamu haijaisha?

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa, salaam. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikitazama filamu za zamani za Marekani zinazowahusu wenyeji wa asili wa bara lile, wale tuliozoea kuwaita Wahindi Wekundu, jina tulilolipokea kwa wengine bila kulihoji. Kila mwanamke wa jamii hizo anapotokea, ama ni binti wa chifu, mrembo na mpole, aliyempenda mgeni wa kizungu, ama ni mtumishi asiye na jina na asiyepewa neno la kusema. Na yule binti wa chifu mara nyingi hufa ili mwanamume aendelee na safari yake. Je, ni filamu nilizoziokota mimi tu, au ndivyo walivyochorwa tangu mwanzo? Na siku hizi hali imebadilika, au yameboreshwa mavazi tu?

Mchangiaji wa kwanza

Hukukosea, mleta mada, na tena mambo hayo yalianza mapema mno. The Squaw Man ya mwaka 1914, mojawapo ya filamu ndefu za mwanzo kabisa kupigwa Hollywood, inamhusu mwanamke mwenyeji anayemwokoa Mwingereza, anamzalia mtoto, kisha anajiua. Mwongozaji wake, Cecil B. DeMille, aliipenda hadithi hiyo kiasi cha kuitengeneza upya mwaka 1918 na tena mwaka 1931. Angalau mara ile ya kwanza nafasi ya mwanamke huyo ilichezwa na Lillian St. Cyr, mwenyeji wa kabila la Ho-Chunk. Baadaye ikawa kawaida kumpaka rangi mwigizaji wa kizungu.

Mfano unaoniudhi zaidi ni wa Sacagawea, mwanamke wa Kishoshone aliyefuatana na msafara wa Lewis na Clark, wapelelezi wa Kimarekani waliovuka bara lile hadi Bahari ya Pasifiki, ambaye mwaka 1955 aliigizwa na Donna Reed, mzungu, na kufanywa mpenzi wa Clark. Sacagawea halisi alijifungua Februari 1805, na miezi miwili hivi baadaye akaanza safari akiwa na mtoto mchanga. Mwezi Mei upepo ulipoipiga mashua yao ikakaribia kupinduka, mumewe aliyekuwa ameshika usukani alishikwa na kiwewe, naye Sacagawea, aliyekaa nyuma, akawa anaokota kimoja baada ya kingine vitu vilivyokuwa vikielea majini. Wenye msafara waliliandika tukio hilo wenyewe katika shajara zao. Mtunzi mwenye tukio kama hilo mkononi, kisha akaona ni afadhali abuni mapenzi, ametueleza alichodhani mwanamke yule anafaa kwacho.

Mchangiaji wa pili

Naunga mkono hoja, na ninaongeza moja tu kuhusu jina la filamu hiyo ya 1914. Neno "squaw" ni tusi kwa wanawake hao, na lilibandikwa hata kwenye milima na mito. Mwaka 2022 tu ndipo wizara iliyoongozwa na Deb Haaland, mwenyeji wa kabila la Laguna Pueblo, ilipoliondoa kwenye majina ya mahali yapatayo 650.

Matangazo ya biashara nayo hayakuwa nyuma. Kwa miongo mingi pakiti za siagi ya Land O'Lakes zilikuwa na picha ya mwanamke mwenyeji aliyepiga magoti, akimnyooshea mnunuzi siagi. Mwaka 2020 mwanamke huyo aliondolewa, ziwa na miti vikabaki. Baadhi ya wenyeji walicheka kwa uchungu, kwamba hata kwenye pakiti ya siagi wao wametolewa na ardhi imebakizwa.

Mchangiaji wa tatu

Kuhusu swali la mwisho, nadhani yamebadilika, ingawa si kwa kiasi tunachoambiwa katika sherehe za tuzo. Lily Gladstone, aliyekuwa mwanamke wa kwanza wa wenyeji wa Marekani kuteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kike mwaka 2024, anamwigiza Mollie, mwanamke wa kabila la Osage, katika filamu ya Killers of the Flower Moon. Kuna mahali mvua ya radi inaponyesha, naye anamwambia mwanamume wa kizungu atakayekuwa mumewe anyamaze, wakae watulie hadi ipite. Kwa dakika chache mwenye nyumba ni yeye, na mgeni ndiye asiyejua la kufanya. Hata hivyo sehemu kubwa ya filamu inamfuata mume, na mmoja wa washauri wa lugha ya Kiosage alisema hadharani kwamba alitamani isimuliwe kwa macho ya Mollie. Mimi niko upande wake.

Kwa hiyo ningekushauri, mleta mada, utazame tamthilia ya Reservation Dogs, iliyoonyeshwa kati ya 2021 na 2023, ambayo waandishi na waongozaji wake wote ni wenyeji. Katika msimu wa pili kuna kipindi kinachowafuata wanawake wa makamo waliokwenda kwenye mkutano wa watumishi wa afya: wanataniana, wanakumbuka rafiki yao aliyefariki, wanawatupia wanaume macho. Hakuna binti wa chifu, na hakuna anayemfia mwanamume yeyote.