Nataka kwenda na Impala ya 1964 kutoka Dallas hadi Detroit, naombeni ushauri

Mwana Majengo: Wakuu, habari za jioni. Niko Dallas, mwaka wa tisa sasa. Mwezi wa tatu nilinunua Chevrolet Impala ya 1964, milango minne, V8 ile ya inchi za ujazo 283, rangi ya maziwa. Jumamosi ya tatu ya Agosti kuna Woodward Dream Cruise, lile gwaride la magari ya zamani kule Detroit, na nataka niende nayo kwa matairi yake, si kubebwa kwenye trela. Ni kama maili 1,200: Little Rock, Memphis, halafu napandisha hadi Indianapolis. Hoteli nimeshalipa, hela hairudi. Swali langu ni moja tu: kwa joto la Agosti niweke oili gani? Na kama kuna Mswahili Detroit aje tupige picha. Usiku zile taa mbili mbili za nyuma zikiwaka utadhani boti ya Zanzibar inaacha gati.

Kipara wa Fort Worth: Weka 10W-30 yenye zinki ya kutosha, oili nyingi za kisasa zinakula kamshafti za injini hizi. Lakini kwa joto la huku, petroli itachemkia kwenye bomba kabla haijafika kwenye kabureta, uzime katikati ya foleni. Tembea alfajiri, saa tano uwe umepaki kivulini. Tairi za lini? Tafuta herufi DOT ubavuni, soma namba nne za mwisho: wiki, kisha mwaka.

Binti Pangani: Magari siyajui, ila marehemu baba alikuwa na Peugeot 404. Kila tukienda Lushoto lazima ichemke Mombo, kabla hata ya kuanza mlima. Tunashuka wote, mama anafungua chapati, baba anaimwagia rejeta maji huku anaimba kasida. Mpaka leo nikisikia harufu ya rejeta nasikia njaa. Nenda kaka.

Wa Nyeri: Achana na Detroit bana. Mwezi wa sita kuja St. Paul, Minnesota, huku kwetu, kwa maonyesho ya magari ya zamani, Back to the 50's. Wanakubali gari za 1964 kurudi nyuma pekee, yako imeponea chupuchupu. Hiyo Woodward ilianza 1995 kama harambee ya uwanja wa mpira pale Ferndale. Eti Wazungu hawana harambee.

Mwana Majengo: Asanteni. Tairi zimeandikwa 2311, ila hazina kipara hata kidogo, ukizigusa zina meno kabisa. Kuhusu joto, tutalala Memphis kwa hiyo injini itapumzika.

Nesi Houston: Juzi ulikuwa "naenda", leo "tutalala". Wewe na nani?

Mwana Majengo: Familia tu.

Nesi Houston: Familia ina umri gani?

Mwana Majengo: Mbona mnahoji kama uhamiaji? Baba mkwe, amekuja kututembelea kutoka Moshi. Na mwanangu wa miaka minne.

Nesi Houston: Nyuma kuna mikanda?

Mwana Majengo: Nyuma haina. Mbele iko miwili, ya kiunoni. Lakini jamani, sisi tumekulia kwenye Hiace tukiwa watu ishirini na mbili na mbuzi mmoja. Babu atakaa naye nyuma amshike. Barabara za huku zimenyooka, na breki ni nzuri. Pedali ilizama hadi chini mara moja tu, nikaipampu ikarudi. Fundi alisema ni hewa.

Mzee wa Spana: Kijana, hewa haiji siku moja ikaaga. Masta silinda, ile pampu ya breki, ya 1964 ina chumba kimoja kwa magurudumu yote manne. Mpira wa ndani ukipitisha, huna breki mbele wala nyuma. Vua hiyo, weka ya vyumba viwili kama walivyoanza kuweka 1967. Mkanda wa kiunoni unafungika nyuma pia, weka bamba la chuma chini ya sakafu ndipo ukaze nati. Kiti cha mtoto chenye mikanda yake kinashikwa na huo. Kile cha kumwinua tu hakifai, kinataka mkanda wa begani. Na tairi ni za 2011, ndugu yangu. Zitupe.

Mtumishi: Hela ya chuma chakavu ungemalizia nyumba ya mama. Mkwe anatoka kwenye baridi ya Kilimanjaro unampeleka kuchomwa jua Arkansas.

Mwana Majengo: Mama ana nyumba. Hoteli ni dola 640, nani atanirudishia?

Taa Sita: Wakuu mnamshauri mtu hewa, hii ni chai. Impala ya 1964 ina taa za nyuma TATU kila upande. Mbili mbili ni Chevrolet nyingine, Bel Air au Biscayne. Huyu hajawahi kuigusa hiyo gari.

Kipara wa Fort Worth: Duh. Nimesoma hapo juu mara mbili sikuona.

Binti Pangani: Chai ya rangi au ya maziwa? Nina vitumbua.

Wa Nyeri: Tupia picha, boss.

Mwana Majengo: Nimetoka gereji na tochi sasa hivi. Taa ni mbili mbili. Lakini ubavuni pameandikwa Impala, herufi zinang'aa!

Taa Sita: Fungua mlango wa dereva. Kwenye nguzo ya bawaba kuna kibati. 418 ni Impala ya V8, 416 ni Bel Air. Yako inaanzaje?

Mwana Majengo: 416.

Mzee wa Spana: Pole sana.

Binti Pangani: Kumbe chai alipika aliyekuuzia.

Taa Sita: Samahani mkuu. Bel Air nayo gari. Ulitoa ngapi?

Mwana Majengo: Tusifike huko.

Nesi Houston: Na mtoto?

Mwana Majengo: Mama yake ameusoma uzi. Mtoto haendi. Mzee anaenda, amekataa katakata kubaki, na amehamia kiti cha mbele. Masta silinda inafika Jumatano, tunaondoka Alhamisi alfajiri. Sasa wataalamu, hizi taa tatu za Impala zinaingia kwenye bodi ya Bel Air hivi hivi, au mpaka nikate bati?