Tangi lenye mimea: je, samaki wanaokula mwani ni wa lazima?

Majani Mapana

Ndugu zangu, nina tangi la lita 60 nililolipanda mimea wiki saba zilizopita. Ndani yake mna Anubias niliyoifunga kwenye gogo, Cryptocoryne chache na samaki wadogo wanane aina ya tetra. Taa huiwasha niamkapo na kuizima niendapo kulala, yaani kwa muda wa saa 14 hivi. Sasa kioo kinafunikwa na mwani, yaani utando wa kijani, kila baada ya siku tatu, na majani ya Anubias yameingia madoa magumu yasiyotoka kwa kidole. Aliyeniuzia samaki ananishauri nimchukue mmoja wa wale wanaonyonya kioo, akidai kwamba nitaisahau kabisa kazi ya kusugua. Je, ni kweli, au tangi la mimea linaweza kukaa safi bila ya samaki wa aina hiyo?

Fundi Chujio

Kabla ya samaki, itazame taa. Saa 14 ni nyingi mno kwa mimea uliyoitaja, kwa kuwa yote miwili hukua polepole na haiwezi kuutumia mwanga huo wote, hivyo unaobaki huwa karamu ya mwani. Ipunguze hadi saa 6 au 7, tena kwa swichi ya saa, maana mkono wa binadamu husahau. Kisha ongeza mmea unaokua haraka, kama vile Ceratophyllum, ambao unaweza kuuacha ukielea tu na wenyewe ukafyonza amonia na nitrati, virutubishi vinavyoulisha mwani, moja kwa moja kutoka majini.

Kuhusu samaki, kumbuka kwamba mwani ulioliwa hauondoki tangini. Unatoka ukiwa kinyesi, kinyesi kinaoza na kutoa amonia, bakteria wanaigeuza kuwa nitriti na hatimaye nitrati, nayo inaulisha mwani uleule. Kumtegemea samaki peke yake huku taa ikiwaka mchana kutwa ni kuteka maji kwa pakacha. Isitoshe, ningependa kujua ni samaki gani hasa unayeuziwa. Ikiwa ni Gyrinocheilus aymonieri, huyo hupita sentimita 25 akikua, huwa mkali, na wakati mwingine huacha mwani akaanza kunyonya ute wa ubavuni mwa wenzake.

Uduvi Mmoja

Nakubaliana na mwenzangu kuhusu taa, lakini sikubali kwamba walaji wa mwani hawana faida. Nimefuga kwa njia zote mbili, na tangi lenye walaji waliochaguliwa vizuri hunipunguzia kazi ya kusugua, mradi mizani ya mwanga na mbolea iwe imeshakaa sawa. Samaki aina ya Otocinclus ni wadogo, wa sentimita 4 hivi, na hupenda kukaa kundi la sita au zaidi. Tatizo ni kwamba katika tangi changa hufa kwa njaa, kwa sababu utando wanaoutegemea bado haujatosha na wengi wao hawajui kula chakula cha kopo. Kwa wiki saba, bado ni mapema.

Uduvi wa Amano, ambao wamepata jina hilo kwa Takashi Amano wa Japani aliyewapa umaarufu katika miaka ya 1980, ni hodari wa mwani wa nyuzinyuzi, ila dawa yoyote yenye shaba itawaua. Kwa madoa magumu kama yako sijaona anayemshinda konokono wa Nerite. Mayai yake hayaanguliwi katika maji yasiyo na chumvi, kwa hiyo hatakujazia tangi, ingawa huyabandika kila mahali yakiwa vidoa vyeupe, na mimi binafsi vidoa hivyo huniudhi kuliko mwani wenyewe.

Maji Tulivu

Naongeza jambo moja tu. Ukiona utando wa kijani-buluu unaoteleza, unaobanduka kama karatasi na kunuka, huo si mwani bali ni sianobakteria, na usitarajie samaki wa kuumaliza. Uvute kwa mpira wa maji wakati wa kubadilisha maji, kisha uboreshe mzunguko wa maji.

Majani Mapana

Nawashukuru nyote. Nimerudi baada ya wiki tatu za taa ya saa 7 na fungu la Ceratophyllum, ambalo limeshakua mara mbili na kunilazimu kulipunguza. Kioo sasa nakifuta mara moja kwa wiki, na samaki wa kunyonya sikumnunua. Majani ya Anubias yaliyozeeka hayakusafika, nikayakata, na kwa yaliyobaki nimeweka konokono wawili wa Nerite. Madoa yanapungua, ila gogo langu tayari lina vidoa vyeupe kumi na moja.