Waziri akiandika kitu Twitter, nilipie mzigo au nisubiri?

Mama Chupa (Kamukunji), 18 Machi 2023

Habari zenu. Swali langu ni la biashara lakini limejaa siasa, mnivumilie.

Nina kibanda soko la Kamukunji, Nairobi, mwaka wa tisa huu. Nauza chupa za chai, sufuria na vikombe vya melamini. Kufikia Ijumaa ijayo natakiwa niwe nimemtumia wakala wetu wa Yiwu, China, malipo ya kwanza ya katoni 120 za chupa. Tuko wanawake wanne tunaochanga pamoja. Wenzangu watatu wanasema tusubiri tuone serikali inaelekea wapi. Mimi sioni tunachosubiri ni nini hasa, ndiyo maana nauliza.

Nianze nilikotoka. Agosti 2022 nilimpigia Ruto kura ya urais, tena si kwa kificho. Nilifunga kitambaa cha manjano, rangi ya chama chake, kwenye kibanda mpaka jirani yangu akaninunia wiki mbili. Tuliambiwa inakuja serikali ya mahasla, yaani watu wa kuhangaika, ya mama mboga na mtu wa bodaboda, nami na chupa zangu nikajihesabu humo. Akaapishwa tarehe 13 Septemba. Kesho yake tukatangaziwa petroli ya Nairobi ni shilingi 179.30, ruzuku imepunguzwa. Nikasema sawa, hazina ni tupu, mgeni apewe muda.

Tarehe 27 mwezi huohuo likatajwa baraza la mawaziri. Niliwasha redio kusikia jina moja tu, la Biashara, maana hiyo ndiyo wizara yangu, nyingine zina wenyewe. Akapewa Moses Kuria, ambaye mwezi uliotangulia alikuwa ameshindwa ugavana wa Kiambu. Kilimo kikaenda kwa Mithika Linturi, aliyeshindwa ugavana wa Meru. Utumishi wa Umma na Jinsia kwa Aisha Jumwa, aliyeshindwa Kilifi. Sina ugomvi nao. Lakini mtu akinyimwa kazi na wapiga kura mwezi wa nane, mwezi wa tisa akakabidhiwa wizara, sisi tuliopanga foleni kabla jua halijachomoza tulikuwa tunapanga ya nini? Na kina mama tuliahidiwa nusu ya baraza. Nikahesabu majina kwa vidole: saba. Vidole vitatu vikabaki vimesimama.

Sasa njooni Februari. Lile duka kubwa la Wachina kando ya Barabara ya Thika lilikuwa limefunguliwa mwezi mmoja tu. Mteja wangu wa miaka sita, mama wa hoteli kule Githurai, akanionyesha picha kwenye simu. Chupa ni ileile, ya lita tatu, yenye maua mekundu yaleyale, shilingi 790. Mimi nampa kwa 950 na hapo nimejikaza. Nikamwambia ya kwangu haipoi upesi. Uongo mtupu, zote ni za kiwanda kimoja.

Basi Waziri wa Biashara akaandika Twitter kwamba yuko tayari kununua mkataba wa pango wa duka lile, nafasi wapewe wafanyabiashara wa Gikomba, Nyamakima, Muthurwa na Eastleigh. Mchina anakaribishwa kujenga kiwanda, si kuchuuza. Soko zima likashangilia. Haukupita muda, katibu wa wizara ya Mambo ya Nje naye akaandika kwamba wawekezaji wote wanakaribishwa, bila kujali rangi wala uraia. Nyumba moja, baba anafunga mlango, mama anafungua dirisha.

Tarehe 28 Februari tuliandamana hadi katikati ya jiji. Nilibeba bango. Usiku navua viatu nikajiuliza: na hizi chupa zangu, nazitoa wapi? Kesho wakisema bidhaa za China zipigwe ushuru mpya, nitabeba bango gani?

Halafu juzi Alhamisi wametajwa mawaziri wasaidizi 50. Nafasi zilizokuwa zimetangazwa ni 23. Sasa hata ukitaka kupeleka malalamiko wizarani, umwone nani kati ya hao?

Swali langu basi: kuna sera yoyote iliyobadilika, au ni maneno tu? Nilipe au nisubiri?

Wakala wa Kilindini, 18 Machi 2023

Dada yangu, pole kwa shughuli. Mimi kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini Mombasa, miaka 16 sasa, na swali lako naulizwa kila siku na watu wenye makontena kumi.

Maneno ya Twitter hayaingii katika mfumo wa forodha. Kinachoingia ni kilichochapishwa, ama katika gazeti rasmi la serikali yetu ama la Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa sababu viwango vya ushuru wa forodha tunavitumia pamoja na nchi za jumuiya. Waziri wa Biashara hana kalamu ya kuvibadilisha peke yake. Hata wa Fedha akitaka, sharti apitie kwa wenzake wa jumuiya.

Kwa hiyo tangu Septemba 2022 hadi leo, Machi 2023, asilimia zako ni zilezile. Kuna ushuru wa forodha wa bidhaa yenyewe, ada ya tamko la kuingiza bidhaa (IDF) asilimia 3.5, ada ya reli asilimia 2, kisha kodi ya ongezeko la thamani (VAT) asilimia 16 juu ya thamani ya mzigo pamoja na ushuru wa forodha. Kilichobadilika ni dola, wala hukuitaja. Serikali hii ilipoingia dola ilikuwa kama shilingi 120, leo inakaribia 130. Mzigo wa dola 10,000 ulikuwa unahesabiwa milioni 1.2, sasa ni milioni 1.3, na kila asilimia inakatwa kwenye hiyo kubwa. IDF peke yake imetoka 42,000 ikafika 45,500. Hakuna aliyepandisha kodi, na umelipa zaidi.

Wewe unachanga mzigo na wenzako, unalipa kwa ujazo, kwa hiyo hesabu hii huioni. Unaambiwa tu bei ya safari hii imepanda, unadhani wakala wako ni mwizi. Huenda ni mwizi, sikatai, lakini anza na dola.

Jingine la kuangalia ni kalenda. Bajeti husomwa Juni, na mabadiliko ya forodha kwa kawaida huanza tarehe 1 Julai. Mzigo ukilipiwa sasa, ukipata meli mapema, unaingia kabla ya hapo. Ukisubiri "kuona," unaweza kujikuta unauona mwezi wa saba.

Mkulima wa Cherangany, 19 Machi 2023

Mama, wewe una bahati, waziri wako alizungumza akikutetea. Sisi alizungumza tukiwa shambani tunavuna.

Ilikuwa tarehe 17 Novemba. Nilikuwa na magunia 140 ya mahindi, mengine bado juani kwenye turubai. Asubuhi ile dalali alikuwa ameniahidi 5,000 kwa gunia la kilo 90. Jioni tukasikia Waziri wa Biashara anasema yataingizwa magunia milioni 10 kwa miezi sita bila ushuru, ya GMO (yaliyobadilishwa vinasaba) na yasiyo ya GMO. Marufuku ya GMO iliyokaa tangu 2012 ilikuwa imeondolewa na baraza mwezi uliotangulia. Akaongeza mzaha wake kwamba Mkenya amezungukwa na vitu vingi vya kumuua, GMO ikiongezwa kwenye orodha si ajabu. Watu wa mjini walibishana kuhusu ule mzaha wiki nzima. Mimi nilikuwa nabishana na dalali, ambaye kesho yake alirudi na 4,300.

Wakala ametuambia neno la waziri haliingii kwenye mfumo. Ni kweli, na hakuna hata meli moja iliyokuwa imetia nanga siku ile. Lakini dalali hasomi gazeti rasmi. Yeye husikiliza redio kama wewe. Neno lilifika ghalani kwangu kabla ya mahindi, likapunguza bei, na bei haikungoja karatasi. Nililipa karo ya Januari kwa bei ya tangazo.

Na tazama jambo hili. Mahindi ni ya Kilimo, lakini aliyetangaza ni wa Biashara. Tukienda kulalamika kwa mmoja, tutaambiwa ni ya mwingine.

Bado Mapema, 19 Machi 2023

Nyinyi watu, ni miezi sita tu. Deni rais alilikuta, ukame aliukuta. Unga wa 2022 ulikuwa wa bei gani kabla ya ile ruzuku ya wiki nne ya kupigia kampeni? Halafu mnachagua majina matatu mnayafanya ndiyo baraza zima. Hazina amempa Profesa Njuguna Ndung'u, aliyekuwa gavana wa Benki Kuu 2007 hadi 2015. Usalama wa Ndani amempa profesa wa sheria. Hao nao walishindwa uchaguzi gani? Kila rais huwapa kazi waliomsaidia.

Mama Chupa (Kamukunji), 19 Machi 2023

Ndugu yangu, Ndung'u nakupa, na profesa mwenzake pia. Na ukame sikumlaumu mtu. Lakini profesa nikimsikia ni mara moja kwa mwezi, na anazungumza taratibu. Anayezungumza na kibanda changu kila asubuhi kabla sijafungua kufuli ni yule wa Biashara. Kama waliomsaidia wanalipwa, mbona kitambaa changu cha manjano hakijalipwa?

Wakala, asante. Ya dola sikuwa nimeiunganisha. Kumbe nilikuwa nagombana na yule kijana wa mizigo bure. (Nusu bure.)

Mwalimu wa Uraia, 20 Machi 2023

Kidogo kuhusu katiba, kwa sababu naona tunalaumu upande mmoja. Kifungu cha 152 kinasema mawaziri wasipungue 14 wala wasizidi 22. Rais alichagua 22, yaani ukingo wa juu kabisa. Kifungu hichohicho kinakataza mbunge kuwa waziri, ndiyo maana Aden Duale, Murkomen na Alice Wahome, waliokuwa wametoka kuchaguliwa Agosti, waliachia viti, na wapiga kura wa Garissa Mjini, Elgeyo Marakwet na Kandara wakarudi kwenye foleni tarehe 5 Januari.

Sasa hakuna jina linalofika wizarani bila bunge kulipitisha. Kamati ya uteuzi ilimkataa mmoja tu kati ya wote, Peninah Malonza, ikisema hafai. Jina lilipofika kwenye kikao cha bunge zima, naye akapitishwa. Kwa hiyo Mama Chupa, ukimaliza kumwuliza rais, mwulize na mbunge wako wa Kamukunji au wa unakoishi alisema "ndiyo" mara ngapi siku ile.

Hao mawaziri wasaidizi 50 hawamo kabisa katika kifungu hicho. Hapo ndipo nafikiri mambo yataishia kortini.

Mama Chupa (Kamukunji), 24 Machi 2023

Nimerudi. Mwalimu ulikuwa na maono: jana wameapishwa Ikulu wote 50, na leo Mahakama Kuu imewazuia wasianze kazi. Soko zima lilikuwa linacheka. Mimi nilicheka kidogo, kisha nikakumbuka ni Ijumaa.

Nimelipa. Si katoni 120. Wenzangu wawili wamejitoa, tumebaki wawili, tumechukua 40. Zote ni za lita moja na nusu, kwa sababu nimepita tena kwenye duka lile nikazunguka kama mteja, na saizi hiyo sikuiona kwenye rafu zao. Nilinunua na kichujio cha chai nisionekane mpelelezi. Shilingi 60, kizuri hasa.

Benki wameniambia dola nilizotaka zipo lakini si zote leo, nichukue nusu, nyingine Jumanne, na si kwa bei ile ya kwenye taarifa. Hilo nalo Wakala atanieleza siku nyingine.

Mkulima, umebakiwa na magunia mangapi? Mimi na jirani yangu, yule aliyeninunia, tunataka mawili. Magari ya Kitale yanashukia River Road, naweza kutuma kijana apokee. Usinipe bei ya dalali, nipe yako.